Kitufe Kinachodunda

Saa tisa usiku, Tampere. Theluji imeziba nusu ya dirisha la jikoni
nami nabishana na kijibati kisichofika upana wa ukucha.

Kibodi ni ya Aune, mama wa mke wangu.
Vitufe hamsini na vinane; fremu ya mbetula nimeichonga mwenyewe,
imekwenda upande kidogo kushoto.
Springi nimezipaka grisi kwa brashi ya rangi, moja moja,
kama mtu anayempakia mdoli siagi kwenye mkate.
Miaka thelathini na mmoja Aune alisahihisha prufu za gazeti;
koma iliyokaa vibaya ilimnyima usingizi.
Sasa mkono wake wa kulia unatetemeka,
na barua anazomwandikia dada yake Kerttu
zinaota herufi ambazo hakuzipanda.

Kitufe, ukitaka kujua, hakigusi mara moja.
Chuma kikikutana na chuma huruka, hugusa, huruka tena,
gololi iliyodondoka sakafuni, kabla ya kutulia.
Na chipu ni karani mwaminifu asiye na busara:
kila mguso anauandika.
Ndiyo maana sisi tunaomwandikia programu yake ya ndani
tunamfundisha kwanza kushuku.
Milisekunde tano usiamini. Ya sita, amini.
Kwa vidole vya watu wengi tano zinatosha.

Lugha yetu nayo haina huruma katika hili.
Tuli ni moto.
Tuuli ni upepo.
Tulli ni forodha.
Wiki iliyopita Aune alimwandikia Kerttu
kwamba nyumba ya jirani imeshika forodha.
Kerttu alicheka hadi akapiga simu.
Aune hakucheka.

Nikaongeza kusubiri. Themanini. Mia. Mia mbili.
Mtetemo ukanyamaza,
lakini na upepo ukafa: kila tuuli ikawa tuli,
barua nzima ikateketea.
Herufi alizozirudia kwa kutaka
zilimezwa pamoja na zile zilizomponyoka.
"Umeniziba mdomo," alisema,
akaisukuma kibodi, akachukua penseli.

Nikauanika msimbo wote, pamoja na aibu yake,
pale ambapo yeyote anachukua, anafumua, anashona upya;
ndio mkataba wetu: ulichopewa bure usikifungie kabatini.
Nikaeleza tatizo. Nikasema mkono ni wa nani.
Siku nne kimya.
Mmoja akashauri ninunue kibodi nyingine.

Kisha kutoka Valdivia, kusini ya Chile, ambako ilikuwa kiangazi,
Eliseo Nahuelpán alituma kiraka cha mistari kumi na mmoja.
Hakugusa muda wangu wa kusubiri. Aligeuza swali:
usihesabu tangu kidole kiliposhuka,
hesabu tangu kilipoinuka.
Mtetemo hauondoki, aliandika, unafika mlangoni tu
na kurudi, kama mtu aliyesahau funguo.
Anayetaka herufi ya pili huiaga ile ya kwanza.
Mfundishe chipu kupima kuaga.
Na chini kabisa: *Baba yangu pia. Anza na thelathini na tano.*
Sikuuliza zaidi, naye hakuongeza.

Nimeunganisha. Taa ya bodi imepepesa mara mbili, nyekundu.
Asubuhi Aune anaketi na sweta lake la usiku, bila salamu,
anaandika:

tuli
tuuli
tulli

Anayakagua maneno kama prufu ya ukurasa wa mbele, midomo imebana.
Anashuka mstari. Neno refu, na katikati yake
s mbili mahali pa moja.
Naanza kuomba radhi, nanyoosha mkono niichukue kibodi.
Anauzuia kwa kiwiko.
"Hiyo si mashine," anasema. "Hapo nimekosea mimi."
Tangu Oktoba sijamwona na uso ule.
Anaifuta mwenyewe, s moja tu,
bila haraka yoyote.